Vidonge Sita Juu ya Kabati

Simu ya mama ilinikuta Morogoro, kwenye semina ya walimu wa hisabati, saa tisa alasiri. Mama hana kawaida ya kupiga simu mchana. Husema mchana ni wa watu wenye kazi zao. Nilipoona jina lake nilitoka nje kabla hata sijaomba ruhusa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usishtuke. Mtoto amechemka tangu jana usiku. Asubuhi nimempeleka zahanati, wamemtoboa kidole, wameona malaria. Wamempa mseto, na nimeshampa."

Kitinda mimba wangu alikuwa kwa bibi yake Muheza, likizo ya Juni. Ana miaka 5 na kilo 18. Nikauliza amempa saa ngapi.

"Dozi ya kwanza kaimeza palepale zahanati, saa nne. Ya pili nimempa saa nane, kama walivyoniambia."

Miguu ililegea. Dawa mseto ya malaria, ile ALu ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza mwishoni mwa 2006, huliwa kwa dozi sita ndani ya siku tatu. Ya pili hufuata masaa manane baada ya ya kwanza. Kisha ni asubuhi na jioni siku ya pili, asubuhi na jioni siku ya tatu. (Walimu wa Kiswahili wanaikataza "masaa", na nawaheshimu. Katika habari hii nitaitumia kwa makusudi, na msomaji ataona sababu.) Aliyemeza saa nne asubuhi, zamu yake ya pili ni saa kumi na mbili jioni. Mama alimpa saa nane mchana, masaa manne tu baada ya ile ya kwanza.

Nilipaza sauti. Nilisimama kwenye korido, watu wakipita, nikamwambia mama yangu mzazi kwamba anampa mtoto dawa ovyo, kwamba dawa ile ina hesabu yake, kwamba angeniuliza kwanza. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Pakiti imeandikwa saa 8, mwanangu. Ninayo hapa mkononi."

Kweli ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa kalamu ya bluu: "Vid. 2, saa 8, kisha asubuhi na jioni." Niliiona baadaye kwa macho yangu.

Siku ya pili nikapiga tena, mapema mchana, nikiwa bado na aibu ya jana.

"Anaendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Asubuhi kameza, homa imeshuka, saa hizi yuko nje anacheza kombolela na wenzake."

"Haya, basi mama. Nitakupigia."

Nikakata simu, nikarudi ndani, nikapumua.

Siku ya kumi na saba mtoto akiwa amesharudi kwangu Tanga, niliamshwa usiku na meno yake yakigongana. Nilimgusa shingoni nikaondoa mkono. Asubuhi kabla jua halijachomoza tulikuwa kituo cha afya. Tabibu hakutaka kutumia kile kipimo cha haraka. Alieleza kwamba kinanasa protini ya vimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata vimelea wenyewe wakiwa wamekwisha, kwa hiyo mtoto aliyetibiwa majuzi anaweza kuonekana mgonjwa kumbe ni mabaki. Damu ikawekwa chini ya hadubini. Vimelea walikuwepo, hai.

"Ile dozi ya mwanzo aliimaliza?"

"Aliimaliza," nikasema bila kusita. Halafu kitu kikanigusa, nikatoka nje kumpigia mama.

"Mama, zile dawa alizimaliza?"

"Si uliniambia basi?"

Nilikaa kwenye benchi. *Haya, basi mama.* Mimi nilikuwa naaga. Yeye alikuwa anasubiri kauli ya binti yake msomi, aliyemgombeza jana yake kwa kutouliza, na safari hii alisikia amri: basi, inatosha. Mtoto anacheza, homa hakuna, vidonge ni vya thamani. Akavifunga, akaviweka akiba.

Tabibu akaamua tuanze mseto upya, dozi kamili, kwa kuwa ya kwanza haikuwa imetimia. Saa mbili kamili asubuhi mtoto alimeza vidonge viwili vya mwanzo. Saa sita mama alishuka kwenye basi la Muheza akiwa na kopo la maziwa ya unga, amelifunga kwenye upindo wa kanga. Lile kopo lilikaa juu ya kabati lake siku zote zile. Alilifungua mezani kwangu: vidonge sita vya njano, bado vimo kwenye karatasi yake ya fedha. Vilitolewa kumi na viwili, viwili kwa kila dozi. Mtoto alipata dozi tatu, nusu.

Mama hakujitetea. Alimlaza mjukuu mapajani, akampepea kwa upindo uleule, na baada ya muda mrefu akaniuliza:

"Niambie wewe mwenye hesabu. Ile saa nane yangu, ilimdhuru?"

Nilitaka kumjibu kwa ukweli, si kwa upole. Nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza mgongo, nikakaa sakafuni karibu naye.

Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wa kidato cha sita mlinganyo mmoja mfupi: dy/dt = −ky. Kwa maneno, kasi ya kitu kupungua inategemea kiasi kilichobaki cha kitu chenyewe. Kikiwa kingi kinapungua kwa kasi, kikiwa kidogo kinapungua polepole. Ukiutatua unapata y = Ae^(−kt), mstari unaoporomoka mwanzoni kisha unalala, ukikaribia sifuri bila kuifikia. Huwa nawapa mfano wa madini yenye mnururisho au chai inayopoa. Dawa iliyo kwenye damu nilikuwa naitaja kwa sentensi moja na kupita, ingawa huko ndiko hesabu hii inakogusa kila nyumba. Mwaka 1937 Msweden mmoja mtaalamu wa fiziolojia, Torsten Teorell, aliuchora mwili kama visanduku vilivyounganishwa, dawa ikiingia kimoja na kutoka kingine, akaandika mlinganyo wa kila kisanduku. Mwaka 1953 Friedrich Hartmut Dost wa Ujerumani akaipa elimu hiyo jina, famakokinetiki. Dost alikuwa daktari wa watoto, na ninapofikiria hilo sishangai. Wa kwanza kuumizwa na kipimo kisichopimwa huwa ni mtoto.

Mseto wetu una dawa mbili ndani ya kidonge kimoja: atemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Zinaingia pamoja lakini haziondoki pamoja. Atemetha hupungua nusu kila baada ya masaa kama mawili. Lumefantrini huchukua siku tatu hadi sita kupungua nusu.

Nikaanza na atemetha, kwa kuwa ndiyo ya haraka na ndiyo niliyoigombea. Nikahesabu tangu pale dawa inapofika kileleni. Baada ya masaa mawili imebaki nusu, baada ya manne robo, baada ya sita thumni, baada ya manane moja ya kumi na sita. Kama mama angesubiri mpaka saa kumi na mbili jioni, dozi ya pili ingekuta moja ya kumi na sita ya ile ya kwanza, jumla 1.06. Kwa kumpa saa nane mchana, dozi ya pili iliikuta robo, jumla 1.25. Kilele kilipanda kwa chini ya moja ya tano. Upande wa lumefantrini, masaa manne ya kuwahi ni kama hakuna: ndani ya muda huo inapungua asilimia tatu tu.

Nikarudia kwa penseli. Nikarudia tena. Nikapima na pengo la usiku. Kwa ratiba sahihi lingekuwa masaa kumi na sita, na kwa ratiba ya mama lilikuwa kumi na manane kwa kuwa alimwamsha saa mbili asubuhi. Mwisho wa yote mawili atemetha iliyobaki haifiki hata moja ya mia mbili.

"Mama," nikasema, "saa nane yako haikumdhuru."

Hakujibu. Aliendelea kupepea, ila mkono ulibadilika mwendo.

Nililopigia kelele lilikuwa dogo. Makubwa mawili sikuyauliza kabisa: mtoto amemeza na nini, na dozi ngapi zimebaki. Nikamwomba radhi pale pale sakafuni. Akasema, "Maliza hesabu kwanza, hujaniambia kosa liko wapi."

Lakini sitaliacha lile neno "saa 8" lipite hivihivi. Kwa mseto lilituvumilia. Kwa dawa ya moyo kama digoksini, ambayo kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha kudhuru pana nafasi nyembamba, huenda lisivumilie. Saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na neno moja, *saa*, linabeba wakati uliofika na muda unaopita. Mhudumu aliyeandika "saa 8" alikuwa na maana moja, mwanamke aliyesimama dirishani na mtoto mgongoni akasoma nyingine, na wote wawili walikuwa wanasoma Kiswahili sanifu. Ingeandikwa "saa 12 jioni" pasingekuwa na habari. Ingeandikwa hata "baada ya masaa 8", kwa ile *ma* inayokatazwa, mama angeelewa.

Asubuhi ya siku ya pili mama alirudi kwenye neno langu la jana. "Unasema dawa ikifika nusu, muda uleule ukipita inabaki robo. Kwa nini isiishe? Imeondoka nusu, si inaondoka na nusu ya pili?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Binti yangu mkubwa, ambaye naye yuko kidato cha sita, akasema tumwonyeshe kwa maji.

Tulichukua ndoo ndogo ya lita 5, tukaijaza mpaka ukingoni, tukaisimamisha ndani ya beseni kubwa la kufulia. Mama alisisitiza beseni. Nyumbani kwake maji hayamwagiki ardhini bila kazi. Tukatia bluu ya kufulia, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, binti akakoroga kwa mwiko mpaka maji yote yakawa rangi moja. Tukachota glasi mbili za mwanzo, tukaziweka ukutani juani, tukarudishia ndooni maji mengine ya bluu ileile. Kisha bomba likafunguliwa kidogo sana. Tulilipima kwa chupa ya nusu lita: lilikuwa linaijaza kwa dakika moja. Maji safi yakawa yanaingia ndooni nusu lita kwa dakika, na nusu lita ya maji ya bluu inafurika na kuingia beseni. Mimi nilishika simu nikihesabu, binti anakoroga, mama amekaa kwenye kigoda, mtoto amejilaza kwenye mkeka na kijasho cha homa inayotoka.

Dakika ya 7 tukachota glasi. Dakika ya 14 nyingine. Dakika ya 21 nyingine. Tukazipanga ukutani kwa safu.

Mama aliinuka. Hakuamini macho tu, akataka kupima. Alichukua glasi moja ya mwanzo, akamimina nusu yake kwenye glasi tupu, akajaza kwa maji safi. Akaiweka sambamba na ile ya dakika ya 7, akainama, akazitazama kupitia jua, akabadilisha nafasi zake, akatazama tena.

"Sawasawa," akasema.

Kisha akamimina nusu ya glasi hiyo aliyoichanganya, akajaza tena maji, akailinganisha na ya dakika ya 14. Rangi moja. Ya dakika ya 21 ilikuwa bado na bluu, nyepesi kama anga la asubuhi, lakini ipo.

"Kila tone linalofurika," nikamwambia, "linaondoka na bluu iliyomo ndani yake. Mwanzoni kila tone limejaa bluu, kwa hiyo inaondoka nyingi. Baadaye tone lina bluu kidogo, linaondoka na kidogo. Maji yanatoka kwa kasi ileile, bluu haitoki kwa kasi ileile."

"Kwa hiyo ndoo ni mwili."

"Ndiyo."

"Na bomba?"

"Ini. Ndilo linalosafisha damu, kiasi kilekile kila dakika."

Katika mlinganyo ile k yetu si namba iliyoanguka kutoka mbinguni. Ni kiasi kinachosafishwa kwa dakika kikigawanywa kwa ukubwa wa chombo: nusu lita kwa lita 5, yaani 0.1. Gawa 0.693 kwa 0.1, unapata dakika 6.93. Ndiyo maana tulichota kila baada ya dakika 7. Ini likichoka, k inapungua, dawa inakaa muda mrefu. Mwili ukiwa mdogo, dozi ileile inaugeuza kuwa bluu nzito zaidi, na ndiyo sababu wanampima mtoto kilo kabla ya kuhesabu vidonge. Niliyaona haya yote kwenye ndoo ile kwa uwazi ambao sikuwahi kuupata ubaoni, na nimefundisha somo hili kwa miaka mingi.

"Koroga," mama akamwambia mjukuu wake mkubwa, "maji yanatulia."

Yale maji ya beseni hakuyamwaga. Alikuwa amekuja na kanzu ya marehemu baba aliyotaka kuifua, akaisuuza humo, akaianika.

Jioni ile, kati ya dozi na dozi, nilimaliza hesabu niliyokuwa nadaiwa. Tuseme mtoto ana vimelea bilioni 10 mwilini. Dawa za jamii ya artemisinini, ambazo atemetha ni mojawapo, zinaweza kuwapunguza mara 10,000 hivi katika kila mzunguko wao wa masaa 48. Baada ya mzunguko wa kwanza wanabaki milioni 1. Baada ya wa pili wanabaki 100. Mwili hauchemki kwa vimelea milioni 1. Homa inahitaji wengi zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtoto mwenye vimelea milioni moja ndani ya damu anaamka, anaomba chapati, anakimbia nje kucheza kombolela. Bibi yake anamtazama dirishani na kumshukuru Mungu. Anachokiona ni kweli, homa imeondoka. Ila mstari wa homa na mstari wa vimelea ni mistari miwili, na ule wa kwanza unagusa chini siku kadhaa kabla ya ule wa pili.

Nilimchorea yote miwili kwenye mgongo wa kalenda. Akaweka kidole palipo na kombolela.

"Hapa ndipo nilipoacha."

"Hapo ndipo nilipokwambia basi."

Wale wachache wanaobaki ni kazi ya lumefantrini. Atemetha ni kama kikosi kinachoingia kwa kishindo na kuondoka kabla ya swala inayofuata. Lumefantrini ni mlinzi anayebaki mtaani wiki nzima na zaidi akizungukia milango. Kazi ya mlinzi haipimwi kwa kilele chake, hupimwa kwa jumla ya alivyokuwepo, kila saa na kiasi chake, vikijumlishwa vyote. Kwenye grafu hilo ni eneo lililo chini ya mstari, na kulipata unahitaji nusu ya pili ya kalkulasi, ile ya kujumlisha vipande vyembamba visivyo na idadi. Watafiti wa malaria wana njia ya mkato: hupima damu siku ya saba na kutazama kama lumefantrini imefika nanogramu 200 katika kila mililita, kwa kuwa kipimo hicho kimoja huakisi eneo zima.

Sasa nusu ya dozi hufanya nini? Chukua siku nne kuwa ndio muda wa lumefantrini kupungua nusu. Mtoto aliyekula dozi tatu badala ya sita ana mstari wenye umbo lilelile, ila uko nusu ya kimo. Kufika nusu ya kimo kungechukua siku nne. Basi kila hatua ambayo mlinzi angeifikia kwenye kushuka kwake, anaifikia siku nne mapema. Hiyo ndiyo bei ya vidonge sita juu ya kabati: siku nne za ulinzi.

Ndipo nikamuuliza lile ambalo nilipaswa kuuliza Morogoro. "Mama, alimezea na nini?"

"Chai ya rangi. Alikuwa hataki kula, na mafuta si humchafua mgonjwa?"

Nilifunga macho. Lumefantrini haipendi maji, inapenda mafuta. Kwa watu wazima wenye afya waliopimwa, mlo wenye mafuta mengi uliongeza kiasi kinachoingia kwenye damu hadi mara 16 kuliko kumeza na tumbo tupu. Haihitaji karamu, maziwa kidogo tu husaidia sana. Siwezi kupima chai ile ilimnyima mtoto kiasi gani, lakini tukichukulia kwamba aliingiza robo tu ya ambayo angeingiza kwa maziwa, robo ni nusu ya nusu: siku nne nyingine mara mbili. Jumla mlinzi wake aliondoka siku kumi na mbili kabla ya zamu yake kwisha. Vimelea waliobaki walipata nafasi ya kuzaliana bila kuzuiwa, na siku ya kumi na saba wakafika kwenye meno yake.

Na nani alimwambia mama kuhusu mafuta pale dirishani? Hakuna. Foleni ilikuwa ndefu, wahudumu walikuwa wawili. Mimi mwenye shahada sikumwambia pia. Niligombana naye kuhusu saa.

Tangu pale mama aliichukua dozi ile mikononi mwake. Hakutaka simu wala karatasi. Alivunja kipande cha mkaa jikoni, akachora mistari miwili kwenye fremu ya mlango kwa dozi mbili za mwanzo, wa tatu kwa ile ya asubuhi. Dozi ya saa mbili usiku akaitanguliza kwa wali wa nazi, tui la kwanza, akamlisha kwa mkono wake tonge kwa tonge, ndipo akampa vidonge, kisha akachora wa nne. Asubuhi ya siku ya tatu ilikuwa uji wa karanga na kikombe cha maziwa. Mtoto alikuwa ameshapona kwa macho ya mtu yeyote. Alikuwa anataka kutoka nje, analia kwamba hana homa, anaonyesha paji la uso lishikwe. Mama alilishika, akakubali kwamba hana homa, akamfungulia mdomo.

Dozi ya sita ilikuwa saa mbili usiku. Mama alichora mstari wa mwisho, akapangusa vidole kwenye kanga, akaja kukaa karibu nami. Vile vidonge vya kwenye kopo tulikuwa tumevirudisha kituo cha afya mchana ule.

"Yule mlinzi," akauliza, "leo yuko kiasi gani?"

"Leo yuko karibu na juu kabisa."

"Baada ya siku nne?"

"Nusu."

"Na baada ya nne nyingine robo. Kama glasi."

"Kama glasi."

Aliomba kalamu, akaigeuza ile kalenda nyingine, ya mwaka huu, iliyotundikwa karibu na friji. Kwenye tarehe ya siku ile akachora duara kubwa lililojaza kisanduku chote, akalipaka wino. Akahesabu siku nne kwa kidole, akachora la pili, nusu yake. Siku nne tena, dogo zaidi. Alikuwa anachora polepole, akirudi nyuma kila mara kulinganisha na lile lililotangulia, kama alivyofanya na maji. La mwisho mwisho lilikuwa kama punje ya mtama, na bado alilipaka wino.

Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anapita pale, anaweka kidole kwenye tarehe, kisha anakwenda kuweka mkono kwenye shingo ya mtoto. Alikaa kwangu mpaka tukapita ile punje.